Siku Karasha Lilipowashwa Mapema

Nakumbuka asubuhi ile ya vumbi kule machimboni karibu na Kharumwa, mwanangu, Mjomba Maganga alipovunja sheria yake mwenyewe kwa kumwonea mtu huruma. Wewe unanijua hapa mtaani Kambarage tu, nina gereji yangu na miwani puani, watu wananipa shikamoo kwanza ndipo wanieleze shida za injini zao. Wakati ule nilikuwa binti, nimevaa ovaroli ya mjomba iliyokunjwa miguu mpaka basi, nikijifunza kwake ufundi wa injini za karasha, ile mitambo inayosaga mawe ya dhahabu yawe unga. Mama yangu ndiye aliyeniombea nafasi kwa kaka yake, na wengi walicheka. Waliocheka, leo wananiletea pampu zao, basi tuyaache hayo.

Mjomba alikuwa mkali kwenye gasketi, ule utando unaoziba kati ya injini na mfuniko wake, kuliko kwenye kitu kingine chochote. Gasketi ya zamani tuliikwangua taratibu, maana mkwaruzo mmoja tu kwenye chuma unatosha kupitisha oili. Tulifuta kwa kitambaa chenye petroli mpaka kitambaa kitoke safi. Kisha aliweka rula ya chuma juu ya mfuniko aone kama umepinda. Gundi ya kushika gasketi mpya aliipaka nyembamba, na ole wako uizidishe ukidhani ndiyo ufundi. Bolti tulizishika kwa vidole kwanza, halafu kwa spana, ukigusa ya upande huu unavuka kwenda ya upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka mfuniko ukae sawa. Baada ya hapo injini haiguswi mpaka kesho yake. Hapo ndipo watu walipokuwa wakigombana naye.

"Fundi, si umeshamaliza?" wanamwuliza.

"Mimi nimemaliza. Gundi bado."

Siku hiyo tulikuwa tumetoka kufunga mfuniko wa pembeni wa injini, na zamu ya kusaga ilikuwa ya Mama Minza. Mumewe alikuwa ameanguka, yuko kitandani hajiwezi, na yeye alikuwa ameuza ng'ombe wao wa kulimia ili aingie ubia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Mgao wake wa mawe ulikuwa ndani ya viroba pale pembeni. Alichotaka ni kununua tena jozi ya ng'ombe kabla ya mvua, na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Mvua ikimkuta bila jozi ya kuvuta jembe, shamba linabaki pori, na ghalani kwake hamkuwa na kitu.

Alipiga goti mbele ya mjomba kama wanawake wa kwetu wanavyosalimia, ila safari hii hakuinuka.

"Kaka Maganga, nisagie leo. Kesho ni mnada wa ng'ombe. Ukinipita huo, mvua hainingojei."

"Gundi haijakauka, mama."

"Nakuomba. Wanangu watakula nini?"

Mjomba akanigeukia mimi. Sijui alitaka nimwambie nini, lakini alikuta machozi yananilengalenga. Akavuta pumzi, akamimina oili, akawasha. Mwanangu, nilimpenda mjomba siku hiyo mpaka nikaona aibu! Nikajisemea, kumbe ule ukali wote ni wa juu juu. Mama Minza akasema "wabeja, wabeja," asante ya Kisukuma, huku akimimina mawe yake.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Halafu nikaona mchirizi mweusi unashuka chini ya mfuniko, nikamwita. Akazima, akashika spana, akakaza kwa nguvu zake zote, akawasha tena. Yeye aliyenikataza hilo kila siku! Ukiona mvujo, mkono wenyewe unakimbilia kukaza. Gundi mbichi ikaminywa nje, gasketi ikasogea, mfuniko ukapinda. Oili ikamwagikia gurudumu la mkanda, na gurudumu likairusha moja kwa moja kwenye unga wa Mama Minza.

Utaniuliza oili ina ubaya gani kwenye mawe. Dhahabu ya kwetu mara nyingi ni vumbi tu. Ikishapata mafuta haizami, inaelea na kwenda zake na maji, hata zebaki tunayoikusanyia haiishiki. Mama Minza alilijua hilo vizuri. Aliketi chini karibu na viroba vyake, akajifunika uso kwa kitenge. Afadhali angetutukana, maana moyo uliniuma hadi leo nikikusimulia unaniuma.

Vijana wa pale wakaanza kusema gasketi ilikuwa feki, gasketi za siku hizi ni mbovu. Mjomba akawanyamazisha. Akachuchumaa mbele ya yule mama.

"Gasketi ilikuwa nzima, Mama Minza. Ni mimi niliyewasha kabla ya wakati."

Tukaubeba unga mpaka mwaloni, mahali pa kuoshea, tukauosha kwa sabuni ya unga, taratibu, sisi watatu, mpaka jua likaelekea kuzama. Dhahabu ilipatikana, lakini ukiitazama kwenye karai uliona wazi ni pungufu. Tulipokuwa tukirudi, mjomba aliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzee huu.

"Kabula, kumwambia asubiri kungeniuma mimi. Nikakwepa maumivu yangu, yakamwangukia yeye."

Kesho yake mnadani, kwa dhahabu ile, Mama Minza alipata ng'ombe mmoja tu. Ng'ombe mmoja havuti jembe la kwetu, linataka wawili.

Mvua ikadondoka. Mjomba alikuwa na jozi yake, ndiyo tuliyoitegemea nyumbani. Asubuhi yake alimfungua mmoja zizini, mkewe akimtazama kwa hasira, akamswaga mpaka kwa Mama Minza na kumfunga nira pamoja na yule wa mnadani. Ng'ombe hawajuani, mmoja anavuta, mwingine anaduwaa, mimi mbele nimeshika kamba natukanwa na kila mtu. Tulilima shamba la Mama Minza lote mpaka mwisho, ndipo tukaenda kulima la kwetu, tumechelewa, na mwaka ule tulivuna haba. Mjomba hakuwahi kulalamika hata mara moja, na mkewe, baada ya kununa kwake, ndiye aliyepeleka mbegu.

Kwa hiyo, mwanangu, safisha uso wa chuma, kagua mfuniko, gundi iwe nyembamba, kaza kwa kupokezana pande na usizidishe. Kisha ngoja. Atakuja mtu mwenye shida ya kweli, atakulilia, na moyo wako utataka kumpa anachoomba. Mpe kiti, mpe uji, lia naye ukiweza. Lakini injini usiiwashe. Ukimpenda, mwambie kesho, na ukubali akuone mtu mbaya kwa usiku mmoja.

Mungu akubarikie mikono yako, akuachie huo moyo wako laini, na injini utakazozifunga ziamke kavu.