Matairi Yenye Mstari Mweupe

Bibi harusi aliingia kanisani mkono wake wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kipande cha kanga. Tairi la gari langu lilikuwa limepasuka njiani saa moja kabla, na lawama nilikuwa nimeshamtwisha fundi yule yule aliyenionya.

Gari ni Pijo 504 ya marehemu baba, na Kasulu nzima inaijua. Mimi nimetuma habari redioni kwa miaka mingi. Watu huniita mwandishi hata sokoni, na nikitamka jambo huchukuliwa kuwa limeshahakikishwa.

Matairi yake ya zamani yalipokwisha kashata, yale meno ya kukanyagia, nilizunguka maduka yote ya mjini. Kulikuwa na matairi ya Noah, ya Probox, ya pikipiki, ya trekta. Yalikuwepo pia manne mapya yaliyoenea kwenye rimu zangu, lakini yalikuwa meusi matupu. Nilitaka yenye mstari mweupe ubavuni, kama yanavyoonekana kwenye picha ya baba amesimama kando ya gari. Niliyapata kwa mfanyabiashara mmoja mzee mwenye asili ya Tanga, nyuma kabisa ya stoo yake, bado yamezungushiwa karatasi.

"Haya niliyakuta humu nilipoachiwa duka na mjomba," alisema. "Yachukue kwa macho yako, mwanangu, si kwa maneno yangu."

Niliyapeleka kwa fundi tairi wa karibu na stendi. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Yeye amezaliwa huku, ni raia, na Kiha chake ni kizuri kuliko changu. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akapangusa vumbi ubavuni mwa tairi moja, akanionyesha tarakimu nne.

"Soma mwenyewe, mwandishi. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hili lina umri wa kwenda sekondari."

"Lakini kashata zimejaa."

"Ego, zimejaa. Mpira ndio umekufa."

Alilikandamiza kwa goti, na nyufa nyembamba zikafunguka kandokando ya ule mstari mweupe. Niliziona vizuri. Nikamwambia afunge hivyo hivyo.

Alifunga, akajaza upepo, kisha akasimama mbele yangu akifuta mikono. "Haya ni ya kuzunguka mjini na kupigia picha. Siku ukitaka kwenda mbali, pita hapa tuyavue."

Niliyatunza kwa bidii ambayo leo naionea haya. Kila Jumamosi niliyaosha kwa sabuni, nikapima upepo kwa geji, nikayapaka mawese niliyochanganya na masizi mpaka yakang'aa. Fundi alikuwa amenikataza na hilo, akisema mafuta hula mpira. Lakini masizi yaliziba nyufa, na ufa nisiouona haukunisumbua.

Kisha familia moja ya Makere ikaomba gari la kumleta binti yao kanisani Kasulu. Aliyekuja kuomba ni baba mdogo wa binti. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, nikaahidi kuendesha mwenyewe. Asubuhi ya harusi sikupita kwa fundi. Nilijua atakachosema.

Tulitoka Makere na msafara wa magari manne na pikipiki nyingi. Vijana wa pikipiki walikuwa wakipiga honi na kunipita, nami nikakanyaga mafuta. Kwenye mteremko tairi la mbele kushoto likapasuka, gari likaacha lami na kuingia mtaroni. Bibi harusi alirushwa mlangoni, kifundo cha mkono kikateguka. Alilia kidogo, halafu akaanza kuuliza kama gauni limechanika.

Watu wote walishuka na kutuzunguka. Baba mdogo aliokota kipande cha mpira, masizi yakamchafua viganja na mkono wa shati lake jeupe.

"Nani amekufungia takataka hii?"

"Fundi wa pale stendi."

"Yule Mrundi?"

Nilijua neno hilo linafanya kazi gani likitajwa mbele ya watu wenye hasira. Nilijua pia kwamba baada yake hakuna atakayeniuliza swali lingine.

"Ndiyo," nikasema. "Nilimwambia ayakague."

"Si nilisema mimi!" mama mmoja akadakia. "Hao wakiona gari zuri roho inawauma."

Kufikia Jumatatu stendi yote ilikuwa na habari hiyo. Madereva waliponiuliza kama ni kweli, niliguna tu, na guno langu likachukuliwa kuwa jibu. Waliacha kumpelekea magurudumu mmoja mmoja. Baada ya miezi michache niliona kompresa yake ikipakiwa kwenye lori la Kibondo. Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Sikuvuka.

Mwaka jana nilikwenda Kibondo kufuatilia habari za mavuno ya maharage, nikamkuta akifanya kazi chini ya turubai.

"Mwakeye, mwandishi," alinisalimu bila kuacha kuligonga tairi litoke kwenye rimu. "Umekuja kuandika habari yangu au kuisahihisha?"

Nilianza kumwomba radhi. Alinisikiliza kidogo, kisha akaninyooshea chuma alichokuwa akigongea tairi.

"Hapa Kibondo nani alikusikia? Mimi nilichokwambia nakijua. Kawaambie waliokuwa mtaroni."

Nikiwa njiani kurudi nilishuka Makere, nikaenda kwa baba mdogo. Alinipokea vizuri. Tulikunywa chai, tukaongea juu ya mvua, bei ya mbolea, na mjukuu aliyezaliwa na yule bibi harusi. Nilikaa karibu saa nzima. Nikaaga.

Jumanne iliyopita alinipigia simu. Mdogo wake bibi harusi anaolewa mwezi ujao, na wanataka gari lile lile.

"Ila niambie ukweli, mwandishi," alisema. "Safari hii umepata fundi mwaminifu?"

Nilimwambia simu inakatakata, nitampigia kesho yake. Leo ni Jumapili, na amenipigia tena mara mbili.