Karani Aliyewahesabu Wageni wa Karibu

Saa tatu asubuhi, Wambeti Nyaga amesimama kwenye kibanda cha mabati juu ya maporomoko ya maji, mwendo mfupi kutoka soko la Manyatta, Embu. Koti la mvua amelifunga hadi kidevuni. Familia moja inapanda kutoka bondeni, viatu vimejaa tope.

"Poleni na mlima," anawaambia akicheka. "Pumzikeni hapa, mniambie mmeonaje."

Wambeti, 43, ni karani wa utafiti wa utalii. Kwa miaka mitatu amewauliza wageni walikotoka, walikolala, kilichowafurahisha na kilichowaudhi. Hulipwa shilingi 120 kwa kila fomu iliyokamilika. Zamani aliuza mitumba.

"Mitumba ilinifunza kuongea na mtu ambaye hataki kuongea," anasema.

Mwaka wa kwanza, fomu ilimtambua tu mgeni aliyelala angalau usiku mmoja mbali na kwake. Kisha akaja Mzee Misheck na wajukuu wanne kutoka Kiritiri.

"Mimi si mtalii, mama. Mtalii ni mzungu," mzee alimwambia.

"Sasa umekuja kuona nini?"

"Maji. Kwetu tunayafuata mbali na punda. Nilitaka hawa watoto waone maji yakimwagika hivi bila mtu kugombana."

Wambeti alicheka hadi akakaa chini. Lakini mzee angerudi nyumbani jioni, kwa hivyo hakuwa na nafasi kwenye fomu. Wambeti aliandika maneno yake kwenye daftari la shule. Kesho yake akaandika ya wengine.

Msimamizi wake, Mugendi, hakupendezwa. "Mama Nyaga, hiyo daftari si kazi yetu. Unapoteza muda, fomu zinapungua."

Kweli zilipungua, na malipo yake pia. Hakuacha.

Baada ya miezi mitatu, mkutano uliitishwa mjini Embu. Fomu zilikuwa 58 tu. Wafadhili wa mradi huo wa utalii walisema maporomoko hayana wageni, na pesa za kutengeneza njia ya kuteremkia bondeni zingepelekwa kwingine. Ni njia hiyo inayowapa kazi vijana wanaoongoza wageni na akina mama wanaouza chai na mahindi ya kuchoma.

Wambeti aliinua mkono. Alifungua daftari: watu 1,140, kutoka Kiritiri, Githongo, Meru mjini, hata Embu penyewe. Wengi walikuwa wametoa malalamiko mawili: njia inateleza na hakuna choo.

Kisha Mugendi akasimama.

"Nilimkataza kuandika hayo," alisema. "Nilikosea. Tafadhali msikilizeni."

Leo njia ina ngazi za mawe na kamba ya kushikilia. Choo kipo. Fomu mpya inaanza na swali la Wambeti: "Umetoka wapi leo?" Na Wambeti hulipwa kwa kila mgeni anayejibu, hata anayerudi kwake jioni.

"Siku hizi mimi ndiye ninayemwomba aniazime daftari," Mugendi anasema.

Wambeti mwenyewe hajawahi kutalii. Desemba hii anakusudia kumpeleka mama yake, Ruguru, mwenye miaka 74, katika Mbuga ya Meru. Nauli ameshaiweka kando.

"Mama anamjua tembo mmoja tu, yule aliyemaliza mahindi yake miaka ile," anasema, macho yakimcheka. "Nataka amwone mwingine akila chakula chake mwenyewe."