Nyumba ya Mwandishi Ilivyomkosesha Domitila Majirani

Saa mbili asubuhi, mvua ya Chiloé, kisiwa cha Chile, inapiga kwa ubavu, naye Domitila Nahuelquín, mwenye miaka 58, anafuta vioo. Ukuta mzima wa nyumba hii ni kioo. Ndani, mwandishi mashuhuri Leandro Urrejola anawasimulia wageni wa kutoka Santiago jinsi alivyoijenga.

"Kwa mikono yangu hii," anasema, akiinyanyua.

Domitila anakamua kitambaa. "Basi alikuwa na mikono arobaini," ananong'ona.

Miaka sita iliyopita, nguzo za nyumba hiyo zilipandishwa kilimani kwa minga, yaani kazi ya ujima. Hapa kisiwani mwenye kazi huwabishia hodi majirani, nao huja na ng'ombe wao. Yeye huwapikia majirani hao, nao wakimwita siku yao, huenda. Malipo mengine hakuna. Kwa kuwa mwandishi alikuwa mgeni, Domitila ndiye aliyemzungukia milangoni.

"Niliwaambia, njooni, huyu ni mtu wetu sasa. Kwa mdomo wangu huu."

Walikuja, wakavuta, wakala kondoo. Tangu siku hiyo, mwandishi hajaenda kwa yeyote.

Sasa bahari imemega ukingo hadi mita nne kutoka jikoni kwa Domitila. Nyumba yake ya mbao inabidi iwekwe juu ya magogo, ivutwe na ng'ombe hadi juu kilimani. Mwezi Machi alimwendea jirani yake, Eleuterio Barría, mwenye maksai wanne.

"Dada Domi, mlete kwanza yule wa vioo," Barría alimjibu. "Banda langu lilipoanguka tulimwita. Alikuja?"

"Alikuwa anaandika, kaka."

"Basi aiandike na nyumba yako ipande kilima."

Domitila alirudi kwa mwandishi, mwajiri wake.

"Nilimwomba, Bwana Leandro, shika kamba tu, hata usipovuta, wakuone. Akatoa pochi, eti niwalipe. Nikamwambia airudishe. Ningeenda na pochi milangoni mwao, wangenifungulia mbwa."

Kwa hiyo amejipangia kulilipa deni la mwandishi kwa kazi yake mwenyewe. Jumapili ataanza kwa Barría, kuchimba viazi. Kisha nyumba inayofuata, na inayofuata, mpaka azimalize zote zilizomvutia mwandishi nguzo. Ndipo atakapobisha hodi kwa ajili yake mwenyewe.

Na bahari, itamngoja?

Domitila anakipulizia kioo pumzi, anafuta.

"Jiko na liende," anasema. "Vikibaki vyumba viwili vya kuvuta, nitashukuru."