Tembo wa Uani kwa Mrisho

Mwaka mzima na miezi minne mimi nilikuwa tembo. Sikusoma, kwa hiyo haya anayaandika binti yangu Ruthu, nami nimemkataza kupunguza hata neno moja. Lakini habari zenyewe ni za baba yake, Kefa, mtu wa Chamwino, ambaye Dodoma ilimjua kama mtaalamu wa wanyama wa porini. Mimi niliyeishi naye nilimjua kama mtu anayekimbia mbwa wa jirani.

Kefa alikuwa karani wa ghala. Mambo yalipokuwa ruksa, biashara ikaachiwa watu binafsi, ghala la serikali likafungwa, makarani wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani kwetu, mtaa wa Kikuyu, na kalamu tatu na mhuri ambao hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Mhuri ulisema IMEPOKELEWA. Kwa kukosa kazi alianza kugonga kila kitu: madaftari ya Ruthu, kalenda ya kanisa, mfuko wa unga.

Miaka hiyo malori ya watalii yalianza kupita Dodoma yakitoka Arusha kwenda mbuga za upande wa Iringa. Yalilala kwa Mrisho, mwenye nyumba ya wageni, na Wazungu wakawa wanamchosha kwa maswali. Wavae nini? Simba anaingia hemani? Mrisho, ambaye ukoo wake umeuza nguo na chumvi mjini hapa tangu enzi za misafara na haujawahi kuuza simba, akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kuwajibu. Kefa akajitokeza na mhuri wake.

Jioni hiyo alikuja kukaa jikoni kwangu, jambo ambalo hakulifanya tangu Ruthu aote meno.

"Mama Ruthu, hivi kule kwenu Haneti wanyama mliishi nao vipi?"

Nikafurahi kuulizwa, mjinga mimi. Nililinda mashamba ya mtama tangu nikiwa na miaka sita. Nikamwambia mgeni avae rangi ya majani makavu, kwa sababu bluu na nyeusi humwita mbung'o. Asubuhi akung'ute viatu, nge hulala humo. Maji achemshe. Jua likizama avae mikono mirefu, na alale ndani ya chandarua. Asisimame kati ya kiboko na maji. Asishuke garini hata picha iwe nzuri namna gani. Nikamwambia pia kwamba sisi watoto wa shambani hatukumtaja tembo kwa jina, tulimwita Babu, ili asidhani anaitwa.

"Tembo akitanua masikio," nikasema, "mara nyingi anakutisha tu, rudi nyuma polepole. Lakini akiyalaza nyuma na kukunja mkonga..."

"Basi, nimeelewa," akasema Kefa, akafunga daftari.

Hiyo ndiyo tabia yake. Hajawahi kusikiliza maneno ya mtu mpaka mwisho, hata siku ya ndoa yetu alimjibu padri kabla hajaulizwa. Sehemu iliyobaki akaijaza mwenyewe: masikio yakitanuka, hatari, masikio yakilala, tembo ametulia, piga picha.

Mrisho alikuwa na lori bovu lisilo na magurudumu, alilolinunua kwenye mnada wa ghala lilelile. Kefa akasema wageni wafanyie mazoezi humo. Wakipanda, wanyamaze, wasisimame, wasitoe mikono nje. Kilichokosekana ni mnyama.

"Mama Ruthu, wewe una umbo," akaniambia.

Nikafunikwa blanketi la kijivu, nikapewa nyungo mbili za masikio na kipande cha mpira wa maji cha mkonga. Nikawa natokea nyuma ya jiko. Kefa alisimama chini na fimbo akieleza, na Jenifa, msichana wa mapokezi aliyejua Kiingereza, akitafsiri. Na kwa kuwa tembo ni Babu, Kefa aliamua lazima aamkiwe. Wazungu kumi na wanne walipaza sauti, "Shikamoo babu!" Mtaa mzima ulikuja kuchungulia.

"Haya nimejifunza mwenyewe porini, miaka kumi na miwili," Kefa aliwaambia kila mara. Nilisikia yote ndani ya blanketi.

Siku moja nikamwambia, "Sema basi kwamba umeyasikia kwangu."

"Nani atamsikiliza mtu asiyejua kusoma? Tena tembo?"

Ndipo ikaja habari kwamba Bwana Halfani, mwenye kampuni ya watalii ya Arusha, anakuja kuajiri mshauri wa kudumu. Kefa akaniita sebuleni, akasema bila kupepesa, "Akiniajiri, Jenifa ndiye atakayekaa nyumba hii. Wewe utarudi Haneti kwa kaka zako. Ila Jumamosi njoo na nyungo safi."

Nyumba ile matofali yake niliyafyatua mimi, nikiwa na mimba ya Ruthu.

Jumamosi Halfani akapanda lori bovu na wageni tisa. Nikatokea. Nikatanua nyungo. "Hatari!" akasema Kefa. Kisha akasema, "Sasa anatulia," nami nikajua zamu ya kulaza.

"Masikio yakilala mgeni anaweza kushuka?" akauliza Halfani.

"Bila wasiwasi, mzee." Akanipa mgongo, akaweka tabasamu la picha. Mama mmoja wa Kizungu akaanza kushuka na kamera yake.

Akilini nikamwona mama yule akishuka hivyo hivyo mbele ya tembo wa kweli. Nikalaza masikio. Nikakunja mkonga. Nikaenda.

Kefa alipaa, akatua ndani ya pipa la maji la Mrisho.

"Shikamoo babu!" lori zima likapiga kelele.

"Marahaba," nikaitika, maana nimelelewa.

Halfani alishuka akainua blanketi. "Mama, mbona umemvamia?"

"Kwa sababu masikio yamelala. Huyo ndiye tembo anayekuja kweli."

"Ndivyo nilivyomfundisha!" akasema Kefa kutoka kwenye pipa.

Halfani akamgeukia. "Vizuri. Akiwa hivyo, amekuona, unafanyaje?"

Kefa akafikiri, maji yakimdondoka. "Unamwamkia."

Mimi nikaulizwa maswali mpaka adhuhuri: mbung'o, nge, kiboko, maji. Nikajibu yote, na Jenifa, sitamnyima haki yake, alitafsiri mpaka mwisho wa kila neno. Halfani akatoa karatasi ya ajira. Nikaweka dole gumba.

"Na tembo atakuwa nani?" akauliza Mrisho.

Wote tukatazama pipa.

Sasa Kefa analala chumba cha nyuma kwa Mrisho, na Jenifa amesema haolewi na tembo. Ni tembo mwembamba, blanketi linamburuzika. Nikisema, "Laza masikio, Baba Ruthu," analaza.

Siku ile Halfani alitaka karatasi ipigwe mhuri, na uani mle mhuri ulikuwa mmoja tu. Kefa akautoa mfukoni umelowa, akagonga mwenyewe kando ya dole langu: IMEPOKELEWA.