Mafuta ya Papa Kwenye Usukani wa Waziri

Mwaka 1953 mwanamume aitwaye Waziri, mkazi wa Ufukoni, Mtwara, alikuwa na gari lakini hakuweza kulipindisha kona. Lilikuwa gari la tangu kabla ya vita. Mzungu ambaye Waziri alikuwa dereva wake alimwachia siku mradi wa karanga ulipovunjika na wenyewe wakafunga mizigo. Waziri alilishukuru kila asubuhi, hata zile asubuhi lilipokataa kuwaka.

Novemba ile lilikuwa likiwaka vizuri. Kilichokuwa kibovu ni usukani. Ulikuwa mzito kiasi kwamba Waziri, mwanamume wa mabega mapana, aliushika kwa mikono miwili na kuuvuta kama anayeng'oa kisiki cha muhogo. Jirani yake Shabani, aliyefanya kazi karakana ya bandarini, alikuwa akimwona anatoka tu anapaza sauti:

"Ondoeni kuku! Nahodha anang'oa nanga!"

Waziri angeweza kuvumilia mzaha. Lakini dada yake Mwaisha, aliyeolewa Mahurunga karibu na mto Ruvuma, alikuwa na mimba ya miezi minane. Watoto wawili wa kwanza aliwapoteza kule kule, siku ya kuzaliwa kwao, mbali na hospitali. Safari hii kaka yake aliapa kumleta mjini kabla mvua hazijakata njia, na mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika upande wa mto.

Basi akaliinua gari uani, pua yake juu ya magogo, akalala chini yake siku mbili. Alikaza hapa, akalegeza pale. Kila alipokwama alifungua kizibo cha lile sanduku la chuma lenye meno yanayogeuza magurudumu, akaongeza mafuta. Usukani ukazidi kuwa mzito.

Siku ya tatu mkewe, Somoe, binti wa wakulima wa Nanyamba, alimletea uji huku amejiziba pua kwa khanga.

"Baba Asha, gari lako linanuka samaki."

"Hiyo sifa."

"Sifa, yale mafuta ya ini la papa? Mnayopaka majahazi?"

"Ndiyo hiyo. Marehemu baba alipaka chombo chake miaka thelathini, hakikuliwa na mdudu wala hakikuingia maji. Oili ya dukani inavuja. Hii haivuji."

"Kwa nini haivuji?"

"Si kwa sababu ikishakaa inakauka, inashikana na ubao inakuwa kama..."

Somoe aliweka bakuli chini kwanza, uji usimwagike, ndipo akacheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Mume wangu! Umeligandisha gari kwa mkono wako!"

"Cheka, mama. Cheka mpaka ushibe. Ukimaliza niletee mafuta ya taa."

Walipolifungua sanduku walikuta meno yote yamefunikwa na ulimbo wa kahawia, mgumu kama utomvu uliokauka kwenye gome la mkorosho. Waziri alitaka kuuvunja kwa patasi. Somoe akamnyang'anya.

"Utavunja na meno. Acha yalowe."

Wakayaloweka tangu asubuhi hadi alasiri. Kisha Somoe akakaa mkekani na kijiti cha mwanzi, akakwangua jino moja baada ya jingine, kama anavyokwangua ukoko bila kuumiza chungu. Waziri naye alitafuta mahali oili ilipokuwa ikivujia tangu mwanzo, akakuta pete ya ngozi imelika. Akakata nyingine kutoka kwenye makubadhi yake ya Idi. Shabani alikuja na kopo la oili ya gia, akalikabidhi juu ya ua.

"Ahsante sana, ndugu yangu."

"Usinishukuru. Naokoa kuku wangu."

Gari likiwa bado juu ya magogo, Somoe aliushika usukani kwa vidole viwili. Magurudumu yakaenda kushoto, yakarudi kulia. Waziri akapiga magoti palepale kwenye vumbi akamshukuru Mungu, halafu akainuka akamshukuru mkewe.

Kesho yake walikwenda Mahurunga wote wawili. Matone ya kwanza yaliwakuta wanarudi, Mwaisha amekaa nyuma juu ya mito, na kwenye mteremko wa kijito maji yalikuwa yameshaanza kupita. Njia pale ilijipinda mara mbili kati ya mawe. Waziri alipinda, akapinda tena, wakapita.

Siku tatu baadaye hakuna gari lililoweza kwenda wala kutoka Mahurunga. Wiki iliyofuata Mwaisha alijifungua hospitalini, salama, mtoto wa kike ambaye leo ni mama yangu.

Waziri alipendekeza mtoto apewe jina la marehemu mama yao. Mwaisha, bibi yangu, akakataa.

"Mama, Mungu amrehemu, hakukwangua meno ya gari," alisema. "Huyu ni Somoe."