Kahawa Iliyotunzwa Juu ya Meko

Mwanangu, ipo siku ambayo mama yangu alishuka kwenye basi hapa Singida Mjini, amepakata kiroba cha kahawa kama mtu aliyebeba mjukuu. Siku ile hunijia kila ninaposikia vijana wakinong'ona mbele ya duka langu, kama ulivyonong'ona wewe jana: kwamba kikombe changu kimoja ni bei ya sahani ya wali na kuku, na kwamba mzee huyu ameharibiwa na safari zake. Sikukasirika. Swali lako ni zuri, na mtu wa kulijibu katika mkoa huu ni mimi. Kaa hapo.

Nimezaliwa Kinyangiri, kwenye mtama na ng'ombe, mahali ambapo sikuwahi kuona mti wa kahawa hata mmoja. Niliondoka kijana, nikaenda Karatu kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu. Sikubaki mchumaji. Nilisoma huku nafanya kazi, nikapata diploma ya kilimo, mpaka nikawa mtu anayeitwa kuonja kahawa kabla haijauzwa. Cheti kile pale ukutani si pambo. Ada nilijilipia mwenyewe, na hilo nalisema kila ninapopata nafasi.

Baba alipofariki, mama akabaki peke yake, nami nikataka kurudi. Lakini kurudi kufanya nini? Nikaona nilete kahawa nzuri kutoka kule niiuze mjini. Mteja wa maana nilikuwa nimempata mmoja tu, Bwana Shabani, mwenye hoteli ndogo karibu na stendi. Alitaka kuonja kwanza. Akiipenda, atachukua kila mwezi, nami nabaki nyumbani. Asipoipenda, narudi Karatu. Mama alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Kiroba chenye kahawa ya kuonjwa nilikiacha kwake Kinyangiri wakati nahangaika kutafuta chumba cha kupanga mjini. Nilimwambia, "Mama, humu mna thamani ya mbuzi wawili. Kitunze." Unavyonijua, sikuishia hapo. Bei niliitaja mbele ya majirani, nikairudia ili na aliyekaa mbali asikie.

Siku ya kuonja mama akakileta mwenyewe, amevaa kitenge chake cha kanisani. Bwana Shabani akainuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Nimekuletea mali ya mwanangu. Ni ghali, ishike kwa mikono miwili."

Nikaingia jikoni kwake. Nilikaanga, nikasaga, nikamimina maji ya moto taratibu, maana watu walikuwa wanakunywa chai pale na nilitaka waone mwenye diploma anavyofanya kazi. Bwana Shabani akanywa. Akanywa tena. Akaniangalia.

"Msomi, hii kahawa imetoka Karatu, au imetoka jikoni kwa mama yako?"

Watu wakacheka. Alikuwa anatania tu. Lakini nilipoonja na mimi, nikakuta moshi. Haukuwa wa kukaangia. Ulikuwa moshi wa kuni, uliolala humo siku nyingi.

Mwingine angeona aibu. Mimi nilishikwa na hamu ya kujua, maana kunusa ndiko kulikonipa jina. Nikanusa kikaango, hakina kitu. Bwana Shabani naye akainama kunusa birika. "Maji yetu yana chumvi kidogo," akasema, "lakini moshi hayana." Mwishowe nikafungua kiroba, nikaingiza pua kwenye buni mbichi, kahawa ambayo haijakaangwa. Ulikuwa humo.

"Mama, hiki kiroba kilikaa wapi?"

"Darini, juu ya meko," akajibu bila wasiwasi. "Pale ninapoweka mbegu. Ulitaka nikiweke chini ya kitanda kwenye panya? Tena kila jioni niliongeza kuni ili wadudu wasisogee."

Wewe umekulia mjini, acha nikueleze. Nyumbani kwetu mbegu ya mtama wa mwaka ujao ilikaa juu ya meko, moshi ukiipitia na wadudu wakiikimbia. Hapakuwa na mahali pa heshima zaidi katika nyumba ile. Mama alikuwa amekipa kiroba changu kiti cha mbele.

"Kwani kahawa inashika moshi?" akauliza.

"Inashika kila kitu, mama. Moshi, kitunguu, mafuta ya taa, hata sabuni."

"Na hao wa Karatu wanaifanyaje mpaka isishike?"

Hapo wateja walisogeza viti. Nikaeleza jinsi mchumaji anavyochagua tunda jekundu tu, akaliacha la kijani, na kuurudia mti uleule mara nyingi badala ya kukwanyua vyote kwa mkono mmoja. Nikaeleza jinsi kahawa inavyoanikwa juu ya vichanja, ikageuzwa kutwa, ikafunikwa jua likiwa kali na umande ukishuka. Nikaeleza kina mama wanaokaa chini kuchambua punje moja moja, kwa kuwa punje moja iliyooza huweza kuharibu kikombe kizima. Watu wote hao hulipwa. Na punje wanazozitupa kando haziuzwi kwa bei hiyo, hivyo gharama yake hubebwa na zilizobaki.

Kwenye begi langu kulikuwa na pakiti ndogo ya kahawa ileile, ambayo haikufika Kinyangiri. Nikaikaanga, nikawawekea vikombe viwili viwili, kimoja cha moshi na kimoja kisafi. Mama akanywa hiki, akanywa kile, akarudia.

"Kwa hiyo watu wote hao walikuwa wanaulinda mlango wake," akasema, "halafu mimi nikaufungua."

"Hukujua, mama."

"Ningejuaje? Bei ulinitajia mpaka majirani wakaishika. Inaogopa nini hukunitajia. Mtu akiniachia mtoto, haishii kuniambia anavyompenda. Ananiambia asipewe nini."

Nikakifunga kiroba kile, nikakisogeza mbali na vikombe.

Bwana Shabani akasema, "Hii ya moshi nikiichemsha na tangawizi na sukari, hapa hakuna atakayejua. Naichukua kwa bei ya kawaida."

Nilimtazama mama. Hakuna aliyetaka nibaki kuliko yeye.

"Ukiinunua hiyo," akamwambia, "ataendelea kukuletea kama hiyo. Mimi nataka abaki, lakini si kwa hiyo."

Bwana Shabani akachukua kile kikombe kisafi, akakimaliza, akakiweka chini. "Basi, msomi, niletee hii, kwa bei yake. Na ya moshi nipe kopo moja, bure. Wateja wakiniuliza kwa nini ghali, nitawaonjesha zote mbili."

Ndivyo nilivyobaki, na baadaye nikafungua duka hili. Moshi uliobaki kirobani mama alirudi nao nyumbani, akaunywa na wageni wake mpaka ukaisha. Kahawa ile ilikuwa mbaya, mwanangu. Nina diploma, siwezi kukudanganya. Lakini kila aliponimiminia, nilimaliza kikombe.

Kwa hiyo ukikuta kitu ghali, usiharakishe kusema mwenye duka ni mwizi, wala usikisifu kwa kuwa ni ghali. Uliza kinaogopa nini, na ni nani aliyekilinda njiani mpaka kikakufikia. Akishindwa kukujibu, hifadhi fedha yako. Na siku utakapomkabidhi mtu kitu chako cha thamani, kazi yako au mtoto wako, usimtajie bei tu ukaondoka.

Sasa vuta kiti. Hivi hapa vikombe viwili, kimoja cha kahawa iliyoshika moshi na kimoja cha kahawa safi; anza na cha kushoto. Leo hulipi. Mungu akupe kitu chenye thamani cha kutunza, akupe pua ya kukijua kikianza kuharibika, na akuwekee nyumbani mtu atakayekuambia ukweli hata kama ukweli huo unaweza kukupeleka mbali naye.