Walitaka nisaini kwamba nimeua kompyuta: Windows 98 iliyogoma kuzima, Kisii 1999

Wakuu, heshima zenu wote humu.

Naweka hapa jambo lililonipata mimi mwenyewe. Sitatia chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Ni mwaka wa 1999. Nina miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Kebirigo, nimemaliza kozi ya secretarial na nataipu kwa bureau moja Kisii town.

Bureau yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vitabu. Mwenye duka tulimwita Mzee Kanti, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo Kisii. Akiamua kukugombeza kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, ungetamani angetumia Kiswahili.

Kompyuta ilikuwa moja tu. Windows 98, monitor yenye kisogo kirefu, na ile switch ya kubonyeza mbele.

Kazi yetu kubwa ilikuwa mitihani ya mock. Walimu wanaleta maswali yameandikwa kwa mkono, mimi nataipu, naprint, wanarudi kuchukua.

Sasa, Jumatatu moja jioni nikamaliza kazi. Start, Shut Down, OK.

Ikaandika "Windows is shutting down". Ikakaa hapo.

Nikangoja. Mouse haisogei, keyboard haijibu. Mzee Kanti akaanza kufunga milango ya mbele, na mimi bado natazama yale mawingu ya Windows kwenye skrini. Mwisho nikabonyeza switch, nikaenda nyumbani.

Asubuhi ikawaka na skrini ya bluu ya ScanDisk, inanilaumu kwamba sikuizima vizuri. Mlio wadogo hamjui hiyo aibu. Mashine inakukatalia kuzima, halafu kesho inakusuta kwa nini hukuzima.

Ikaendelea hivyo kila siku, karibu wiki mbili. Nilidhani itaacha yenyewe. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza.

Kisha akaja mwalimu mmoja kutoka Nyansiongo kuchukua mtihani wake wa Physics. Nikafungua file. Maswali manane ya kwanza yako sawa. Yaliyobaki yamekuwa alama za ajabu ajabu, kama mtu aliyemwaga herufi sakafuni.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti changu, akaanza kuyaandika upya kutoka kichwani, maana ile nakala ya mkono tulikuwa tumeshaitupa. Nilitamani angenitukana tu.

Mzee Kanti akamwita fundi. Nitamwita Dan, si jina lake. Alikuwa anatoka Nairobi, akipitia Kisii mara moja moja, na yeye ndiye alikuwa anatuhudumia hiyo mashine.

Dan hakumaliza dakika tano. Akasema motherboard, ule ubao mkuu wa ndani ya mashine, imekufa. Imeuliwa na kuzimwa kwa switch kabla Windows haijamaliza. Nani anaizima kwa switch? Wote wakanigeukia.

Akasema atarudi Alhamisi na pickup, aichukue, alete nyingine.

Kesho yake nikakuta barua mezani kwangu. Ilisema mimi, Kerubo, nakubali kwamba niliharibu kompyuta ya ofisi kwa uzembe, na kwamba naacha kazi mwisho wa mwezi. Chini kuna mstari wa sahihi.

"Saini tu, Kerubo," Mzee Kanti akaniambia. "Sitaki kelele kwa duka."

Nikamwambia, "Mzee, hapana. Sisaini."

Akaniambia nina mpaka Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Jioni nikamweleza tata, baba yangu. Tata ni mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa kupenda amani. Akanishauri nisaini na niombe msamaha, huyo Mhindi ana roho nzuri, atalegea. Nikamuuliza, nikishasaini hiyo karatasi, ni ofisi gani Kisii nzima itaniruhusu tena nikaribie kompyuta?

Kisha akauliza, "Una hakika si wewe?"

Wakuu, sikuwa na hakika. Hilo ndilo lililoniuma kuliko barua.

Jumatano nikafika kazini mapema. Nilikuwa na daftari la shorthand ambamo naandika kila kazi na shida zake. Nikarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Mara ya kwanza kugoma: Jumatatu ile. Ijumaa iliyotangulia nimezima, ikazima bila shida.

Kati ya Ijumaa na Jumatatu mimi sikuwepo. Jumamosi ni Sabato, sifanyi kazi, na Jumapili duka linafungwa.

Nikamuuliza Bosibori, dada wa counter, nani aligusa kompyuta Jumamosi ile. Akanijibu kama jambo la kawaida tu: Dan alikuja kuweka sound card, yaani kadi ya sauti, na speaker, Mzee Kanti asikilize nyimbo zake za CD.

Zile speaker nilikuwa naziona kila siku mbele ya macho yangu. Sikuwahi kuziunganisha na chochote. Ujinga wa pili huo.

Nikafungua Help ya Windows yenyewe. Mule ndani kulikuwa na sehemu ya troubleshooting, inakuuliza maswali, unajibu, inakupeleka mbele. Ikaniambia niwashe kwa Safe Mode, yaani Windows inawaka na vitu vya lazima peke yake, vingine vyote imeviacha nje.

Nikabonyeza F8. Nilichelewa mara mbili, ya tatu nikaipata. Icon zikawa kubwa kubwa, na kila pembe ya skrini imeandikwa Safe mode.

Start, Shut Down, OK.

Skrini ikawa nyeusi. Katikati yakatokea yale maandishi ya rangi ya machungwa: It's now safe to turn off your computer, yaani sasa unaweza kuizima.

Nilikaa nikiyatazama. Motherboard iliyokufa inazima vipi vizuri namna hiyo?

Hapo hasira ikaniingia, na ile hasira ilinisaidia.

Nikawasha kawaida, nikaingia Device Manager, ile orodha ya vifaa vyote vya mashine. Sound card ilikuwa imeandikwa mara mbili, moja ina alama ya njano, yaani driver yake ina shida. Kwa wasiojua, driver hapa si wa gari. Ni program ndogo inayoiambia Windows jinsi ya kuongea na kifaa fulani. Ikiwa mbovu, wakati wa kuzima Windows inakiambia kifaa kilale, kifaa hakijibu, na wote wawili wanabaki wamekodoleana macho.

Kwa haraka zangu nikatoa kitu ambacho sicho. Nikaondoa driver ya display, yaani ya skrini. Rangi zikaharibika, kila kitu kikawa kikubwa na kibaya, na ilinichukua karibu saa nzima na CD ya Windows kukirudisha. Bosibori akachungulia, akaona ile skrini, akaniuliza kama sasa nimeiharibu kweli.

Nikaondoa zile sound card mbili. Nikarestart. Windows ikasema imepata kifaa kipya, na kabla sijajua ikairudisha driver ile ile. Shut Down. Ikagoma tena.

Nilikaribia kulia. Badala yake nikaenda kwa fundi wa saa pale veranda, nikaazima screwdriver.

Nikachomoa waya wa umeme, nikafungua kasha, nikashika chuma kwanza kutoa umeme wa mwilini, kama nilivyofundishwa kwa kozi, nikaing'oa ile kadi kwa mkono.

Nikawasha. Shut Down. Maandishi ya machungwa.

Nikarudia mara tano. Mara zote tano ikazima.

Alhamisi Dan akafika na pickup. Nikamwomba Mzee Kanti aketi dakika chache kabla mashine haijatoka. Akaketi, uso umekunjwa. Nikazima mbele yao, ikazima. Dan akasema nimebahatisha, motherboard huwa inapata nafuu kidogo kabla ya kufa kabisa.

Sikubishana. Nikairudisha kadi yake, nikawasha, Windows ikaipokea, nikazima. Ikagoma. Nikaitoa. Ikazima.

"Fundi," nikamuuliza, "ni motherboard gani inayofufuka kila nikitoa kadi yako?"

Akaanza habari za umeme wa Kisii kuwa mbaya. Mzee Kanti akamtazama, kisha akasema maneno fulani kwa Ekegusii. Dan hakuelewa. Duka lote lilielewa, na Bosibori akajificha nyuma ya madaftari. Pickup ikaondoka tupu.

Mzee Kanti akaichukua ile barua, akaichana, akaniambia nirudi kazini, yameisha.

Nikamwambia bado. "Ya kusema nimeharibu iliandikwa, Mzee. Ya kusema sikuharibu pia iandikwe."

Nikadhani sasa nimefukuzwa kweli. Halafu akasema, "Taipu."

Nikataipu mistari mitatu. Akasaini, akapiga muhuri wa duka. Hakuniomba msamaha siku hiyo wala siku nyingine. Nyimbo zake akarudi kuzisikiliza kwa redio kaseti.

Mwalimu wa Nyansiongo nilimtaipia Physics yake upya, na kutoka siku hiyo kila mtihani niliuweka pia kwa floppy mbili, zile diski ndogo za kuhifadhia.

Jioni nikampa tata ile barua. Akaisoma amesimama mlangoni, akaisoma tena. Akauliza motherboard ni kitu gani. Nikaanza kumweleza, nikaendelea mpaka kuhusu driver na Safe Mode. Sidhani alielewa hata nusu. Lakini alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na katika maisha yangu hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nilichojifunza: mtu akikwambia umeharibu, usikimbilie kukubali na usikimbilie kukataa. Uliza ilianza lini, na siku hiyo kiliongezwa nini. Ukishapata jibu, usimruhusu mtu akuinamishe kichwa, hata kama ndiye anayekulipa.

Wataalamu mtakaosema ningeupdate tu hiyo driver, nitawauliza: kwa internet ipi, Kisii, 1999?

Uwanja ni wenu. Nani mwingine humu alisingiziwa kuua mashine, na ulijiteteaje? Na anayeamini nilibahatisha aseme tu, nipo, nitamjibu.